Kaboni ni Ileile, Mpangilio Ndio Habari: Somo la Nanofaiba kwa Mwanachuo kutoka Ufipa

Wanachuo wenzangu, mwaka wa mwisho una homa yake. Ukikaa kwenye kimbwete dakika tano tu, lazima mtu akuulize: "Vipi, projekti yako ni nini?" Mimi jibu nilikuwa nalo, tena la kujidai: "Natengeneza nanofaiba za kaboni kwa magunzi ya mahindi ya Sumbawanga." Watu wanaguna, wananiona msomi. Kwetu Ufipa magunzi si kitu cha kutafuta. Mahindi yakishapukuchuliwa, magunzi yanarundikana nyuma ya nyumba, mengine jikoni, mengine yanaozea shambani. Nikasema mali ghafi ipo, bumu likitoka nanunua vifaa vidogo vidogo, kazi imeisha.

Msimamizi wangu alisoma andiko langu lote, akaliweka mezani, akauliza swali moja: "Sawa, kijana. Ukishachoma hayo magunzi, utajuaje kwamba ulichonacho ni nanofaiba na si mkaa?"

Jamani, nilikosa la kusema. Nikajibu, "Dokta, naomba muda." Makala haya ndiyo yaliyotokana na muda huo. Nimeyaandika ili wewe unayetaka kuandika neno "nano" kwenye andiko lako ujue unaandika nini, na usije ukaulizwa swali kama langu ukabaki unaangalia dari.

Kwanza, ni kitu gani hiki?

Nanofaiba ya kaboni ni uzi mwembamba sana uliojengwa karibu wote kwa atomi za kaboni. Unene wake kwa kawaida ni kati ya nanometa 50 na 200, na urefu unaweza kufika makumi au mamia ya mikrometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa mtu una unene wa nanometa kama 80,000. Kwa hiyo nanofaiba ya nanometa 100 ni nyembamba kuliko unywele mara 800 hivi.

Usiichanganye na ndugu zake wawili. Wa kwanza ni faiba ya kawaida ya kaboni, ile ya kwenye baiskeli za mashindano na mabawa ya ndege. Hiyo ina unene wa mikrometa 5 hadi 10, yaani ni nene mara makumi kadhaa. Wa pili ni nanotyubu ya kaboni, ambayo mara nyingi ni nyembamba zaidi, na ndiyo iliyopata umaarufu baada ya Sumio Iijima wa Japani kuielezea mwaka 1991.

Tofauti kubwa ya nanofaiba na nanotyubu iko kwenye mpangilio. Kaboni ya kinywe, yale madini yanayochimbwa Mahenge na Lindi, imekaa kwa matabaka, na kila tabaka ni kama wavu wa atomi zilizopangika kwa pembe sita. Ukichukua tabaka hilo ukalizungusha kama unavyokunja mkeka, unapata nanotyubu. Kwenye nanofaiba, matabaka hayakai sambamba na urefu wa uzi. Mengine yamepachikana kama vikombe vya plastiki dukani. Mengine yameinama pande mbili kama miiba ya mgebuka uliokwisha kuliwa. Mengine yamelaliana bapa kama karata.

Kwa nini ujali? Kwa sababu kwenye mpangilio huu kingo za matabaka zinabaki wazi upande wa nje wa uzi. Atomi iliyo pembeni ina nafasi ya kushikana na kitu kingine, iwe metali, dawa au plastiki, kuliko ile iliyobanwa katikati ya wavu. Nanotyubu iliyo safi huishinda nanofaiba kwa nguvu za kuvutwa. Lakini nanofaiba ina "mikono" mingi zaidi ya kushika vitu, na kwa kawaida kuitengeneza kwa wingi ni nafuu zaidi. Kila moja ina kazi yake.

Hesabu ya gramu moja

Chukua kalamu tufanye hesabu, maana neno "nano" bila hesabu ni mbwembwe tu. Tuchukue gramu moja ya kaboni yenye msongamano wa gramu 2 kwa kila sentimeta ya ujazo. Ujazo wake ni nusu ya sentimeta ya ujazo. Ukiifanya iwe mchemraba mmoja, eneo la nje ni kama sentimeta za mraba 4 tu.

Sasa ivute iwe uzi wa mviringo. Eneo la nje kwa kila gramu ni 4 gawanya kwa msongamano mara kipenyo. Kwa faiba ya kawaida ya mikrometa 7, unapata kama mita za mraba 0.3. Kwa nanofaiba ya nanometa 100, unapata mita za mraba 20. Hicho ni chumba kizima cha bweni, kutoka gramu moja! Na urefu je? Gawanya ujazo kwa eneo la mkato wa uzi: unapata zaidi ya kilometa 60,000. Dunia inazungukwa kwa kilometa 40,000. Gramu moja ya kaboni inaizunguka mara moja na nusu.

Atomi ni zilezile na uzito ni uleule. Kilichobadilika ni umbo, na umbo limeleta eneo kubwa la kufanyia kazi. Shika hilo, tutalihitaji tukifika kwenye betri.

Tanuri, chuma na kaboni: somo lililokuwa nyumbani

Hapa nilishangaa mwenyewe. Nilipokuwa natafuta historia ya nyuzi hizi, kila njia ilinirudisha kwenye vitu vitatu: chuma, hewa ya kaboni na joto. Mtu wa Ufipa akisikia vitu hivyo vitatu pamoja anajua kinachozungumziwa: malungu.

Kwa ambaye hajafika kwetu: Ufipa ni uwanda wa juu ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na Sumbawanga ndio mji wake mkubwa. Ukienda upande wa Nkasi bado utakuta magofu ya matanuri marefu ya udongo. Moja linaitwa ilungu, mengi ni malungu. Wafipa waliyeyushia humo mawe ya chuma kwa mkaa. Tanuri lilikuwa refu kuliko mtu, na halikuhitaji mivukuto: hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini, ikapanda kama inavyopanda kwenye bomba la moshi. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, hivyo kilisafishwa kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, halafu mhunzi ndipo akafua jembe. R. Wise aliandika juu ya kazi hii mwaka 1958 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wa Kitanzania, ameifanyia utafiti wa miaka mingi. Wakati wa ukoloni vyuma vya kiwandani vilipojaa, malungu yalizimika.

Kikemia kilichotokea ndani ni hiki. Mkaa ukiungua kwenye hewa isiyotosha hutoa kaboni monoksaidi. Gesi hiyo hupanda, inakutana na mawe ya chuma, inanyang'anya oksijeni, na chuma kinabaki. Sehemu ndogo ya kaboni huingia ndani ya chuma chenyewe. Kaboni ikiwa chini sana, chuma ni laini, jembe linapinda. Ikizidi asilimia 2, chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Mhunzi hakuwa na maabara, lakini alikuwa na kipimo kisichohongeka: jembe likipiga jiwe, ama linapona ama linapasuka.

Sasa tuhamie kwenye matanuri makubwa ya viwanda vya Ulaya, ambako kemia ni hiyohiyo. Wahandisi walisumbuliwa na tatizo moja: matofali ya ndani ya tanuri yalikuwa yakipasuka bila sababu ya wazi. Ikaonekana kwamba ndani ya tofali kuna madoa madogo ya chuma. Kaboni monoksaidi ikipita hapo katika joto la wastani, molekuli zake mbili zinageuka kuwa kaboni dayoksaidi moja na atomi moja ya kaboni, na kaboni hiyo hujikusanya kwenye doa mpaka tofali linapasuka. Mwaka 1953 watafiti watatu wa Uingereza, Davis, Slawson na Rigby, walieleza katika jarida la Nature kwamba kaboni inayopatikana hivyo ina umbo la nyuzi ndogo mno. Mwaka mmoja kabla, Warusi Radushkevich na Lukyanovich walikuwa wamechapisha picha za nyuzi za aina hiyo. Na hata kabla ya hapo, mwaka 1889, Hughes na Chambers walipewa hataza Marekani ya kukuza nyuzi za kaboni kutokana na gesi ndani ya chombo cha chuma.

Sidai kwamba babu zetu walitengeneza nanofaiba. Hakuna anayeweza kudai hivyo bila kuonyesha kipande chenye nyuzi hizo chini ya hadubini, na mimi sina. Ninachosema ni kwamba kemia yake si ngeni kwenye udongo wetu, na kwamba kwa viwanda vya Ulaya nyuzi hizi zilianza kama kero, hadi watu walipojifunza kuzisimamia.

Zinatengenezwaje leo

Njia kuu ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya kukuza kwa gesi. Chembe ndogo sana za chuma, nikeli au kobalti huwekwa kwenye tanuri lisilo na oksijeni, kwenye nyuzijoto kama 500 hadi 1,200. Gesi yenye kaboni, kama methani, asetilini au kaboni monoksaidi, inapitishwa juu yake. Molekuli inavunjika kwenye uso wa chembe, kaboni inapita ndani ya chembe au juu yake, kisha inatokea upande wa pili, tabaka baada ya tabaka. Fikiria mashine ya tambi: unga unaingia huku, tambi inatoka kule, na tundu ndilo linaloamua unene. Hapa chembe ya metali ndiyo tundu. Ukitaka uzi wa nanometa 100, anza na chembe inayokaribia ukubwa huo. Morinobu Endo wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, ni miongoni mwa walioikuza njia hii tangu miaka ya 1970.

Njia ya pili ni ya kusokota kwa umeme. Unayeyusha polima kwenye kiyeyushi, unaiweka kwenye bomba la sindano, unaunganisha sindano na umeme wa volti elfu 10 hadi 30. Umeme unalivuta tone linakuwa uzi, na uzi unajikusanya kwenye bamba kama utando wa buibui. Utando huo hupashwa taratibu hewani kwenye nyuzijoto 200 hadi 300 ili usiyeyuke, kisha unachomwa kwenye gesi ya naitrojeni hadi karibu nyuzijoto 1,000. Vitu vingine vinaondoka, kaboni inabaki, na umbo la uzi linabaki pia. Viwandani polima inayotumika zaidi ni poliakrilonaitraili.

Umeona? Katika njia zote mbili, uzi hautokei kwa bahati. Kuna kitu kinachoamua umbo: chembe ya metali, au sindano.

Sifa zake kwa ufupi

Nguvu: nanofaiba nzuri iliyokuzwa kwa gesi hufika karibu gigapaskali 3 kabla ya kukatika. Nondo ya kawaida ya ujenzi iko kwenye gigapaskali 0.5 hivi, tena ni nzito karibu mara nne kwa ujazo uleule.

Umeme: inapitisha. Na kwa kuwa ni ndefu na nyembamba, nyuzi chache tu zinagusana na kutengeneza njia. Asilimia chache ndani ya plastiki zinatosha kuifanya plastiki ipitishe umeme, wakati masizi ya kawaida, ambayo chembe zake ni za mviringo, yanahitajika kwa wingi zaidi.

Joto: nyuzi zilizopitishwa kwenye joto kali, zaidi ya nyuzijoto 2,500, hupangika vizuri hadi uzi mmoja ukapitisha joto kuliko shaba.

Uso: mkubwa, wenye kingo wazi, kama tulivyopiga hesabu.

Lakini kuwa makini na namba hizi. Ni za uzi mmoja. Ukizimwaga ndani ya plastiki zikajisokota mafundo kama nywele zisizochanwa, sifa nusu yake inapotea. Wanaofanya kazi hii watakwambia kwamba kuzitawanya ni shida kuliko kuzitengeneza.

Zinatumika wapi

Betri. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa mwaka 1991, na siku hizi elektrodi moja kwa kawaida ni kinywe. Kila betri inapochajiwa na kutumika, punje za kinywe zinavimba na kusinyaa, na taratibu zinaachana. Nanofaiba kidogo ikichanganywa humo inafanya kazi ya kamba: inazifunga punje zisipoteze mawasiliano ya umeme, na betri inadumu. Hili linatuhusu moja kwa moja. Vijijini mwetu mwanga wa jioni ni taa ya sola, na taa ya sola ikifa mara nyingi aliyekufa ni betri, paneli bado nzima.

Mchanganyiko na plastiki. Vipuri vyepesi vya magari na ndege, maganda ya vifaa vya umeme, na mabomba ya mafuta yanayotakiwa kuondoa umeme tuli ili cheche isiwashe moto.

Kubeba vichocheo. Chembe za platinamu au nikeli zinapandikizwa kwenye kingo zile wazi, hazirundikani pamoja, na metali ghali inatumika kidogo.

Kuchuja na kunusa. Utando wa nanofaiba unaweza kunasa chembe ndogo, na upitishaji wake wa umeme hubadilika gesi fulani zinapoganda juu yake, hivyo hutumika kwenye vihisio.

Kuhusu maji naomba tusidanganyane. Tanzania tuna mfano mzuri wa nano kwenye maji: Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa kichujio kinachounganisha mchanga na nanomateria. Alianza na tatizo la maji ya watu, ndipo akachagua kifaa. Mwenye kisima chenye harufu na rangi, mkaa ulioamilishwa pamoja na mchanga unaweza kumtosha, na vijidudu vikauawa kwa klorini au kwa kuchemsha. Kumuuzia "nano" ya bei mbaya hapo ni wizi wenye cheti.

Tahadhari kabla hujagusa

Uzi mwembamba na mrefu unaoelea hewani unaweza kufika ndani kabisa ya mapafu na mwili ukashindwa kuutoa. Mwaka 2013 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza kwamba mfanyakazi asivute zaidi ya mikrogramu 1 ya nanotyubu au nanofaiba kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Hicho ni kiasi kidogo mno, jicho haliwezi kukiona. Fanyia kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, ziwe zimelowa kila inapowezekana, vaa barakoa ya kuchuja chembe na si kitambaa. Usifagie zikimwagika, futa kwa kitambaa kibichi. Na kaboni monoksaidi ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa, haina harufu.

Turudi kwenye magunzi

Sasa naweza kumjibu msimamizi wangu. Ukichoma gunzi kwenye debe lililofunikwa, unapata mkaa. Ni mkaa mzuri, una matundu mengi, na ukiamilishwa kwa mvuke unaweza kuwa na eneo la mamia ya mita za mraba kwa gramu, kuliko nanofaiba ya kawaida. Lakini si nanofaiba, kwa sababu hakuna kitu kilichoamua umbo liwe uzi. Kulibandika jina hilo ni uongo, hata kama hakuna atakayekukamata.

Ili magunzi yawe nyuzi, inabidi utoe lignini iliyomo, uichanganye na polima inayovutika, uisokote kwa umeme, kisha uichome bila oksijeni. Na baada ya hapo lazima upime. Hadubini ya elektroni ikuonyeshe kwamba ni nyuzi kweli, na unene wake. Kipimo cha Raman kikuonyeshe vilele viwili, karibu na 1,350 na 1,580, uone kaboni imepangika kiasi gani. Hata maltimita ya fundi redio inasaidia: utando usiopitisha umeme kabisa, ujue joto halikutosha.

Hadubini ya elektroni hatunayo kwenye idara yetu. Kwa hiyo nimeandika barua ya kuomba kupimiwa sampuli tatu tu kwenye maabara nyingine, na nimebadili kichwa cha projekti. Zamani kilikuwa "Uzalishaji wa Nanofaiba za Kaboni kutoka Magunzi." Sasa ni "Je, Uzi wa Lignini ya Magunzi Unabaki Uzi Baada ya Kuchomwa?" Jibu linaweza kuwa hapana. Nilipomwonyesha msimamizi, alisaini.

Mhunzi wa ilungu hakuwa na cheti cha kuonyesha, alikuwa na jembe. Asubuhi mnunuzi alilipeleka shambani, na jioni kila mtu alijua. Sisi tuna vyeti, kwa hiyo ni rahisi zaidi kwetu kudanganya, na ni lazima zaidi tupime.

Maswali ya kujipima

1. Piga hesabu ya eneo la nje la gramu moja ya nanofaiba yenye kipenyo cha nanometa 50. Linganisha na ile ya nanometa 100.

2. Eleza kwa nini doa la chuma ndani ya tofali linaweza kulipasua, lakini chembe hiyohiyo ya chuma ikawa msaada kwenye tanuri la kukuza nyuzi.

3. Mwenzako amechoma pumba za mpunga na anasema amepata nanofaiba. Mtajie vipimo viwili anavyopaswa kuonyesha kabla hujamwamini.

4. Kijiji kina maji yenye vijidudu na taa za sola zinazokufa mapema. Ni tatizo lipi kati ya haya mawili ambalo nanofaiba inaweza kulisaidia, na ni lipi ambalo kuna njia rahisi zaidi? Toa sababu.